Siri ya Nyumba Yenu Ni ya Nani?

Tuseme wewe ni mke, na bwana yako amekuwa mtu wa pombe kwa miaka mingi. Umelipa karo kwa pesa za mayai na sukuma wiki. Umempigia simu mkubwa wake wa kazi ukisema ana malaria, na malaria hana. Watoto umewafundisha kusema "Baba amelala" kila mgeni anapobisha hodi. Kisha jioni moja anarudi mapema, hanuki pombe, anakaa kitini na kukuambia: "Mama Watoto, leo nilikuwa kwenye mkutano wa watu walioacha kunywa. Nimewaeleza yote."

Ungepaswa kufurahi. Lakini unajisikia kama mtu aliyeezuliwa paa la nyumba, na wapita njia wanachungulia ndani. Yote? Yapi hayo? Na watu hao ni akina nani?

Au pengine wewe ndiwe mume, na mke wako ndiye anayekwenda kukutana na wake wengine wa walevi. Unamwambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Yeye anajibu kwamba alikuwa akizama, na mtu anayezama hupiga kelele.

Nani ana haki hapa? Ndoa nyingi zimekwama mahali hapa. Pombe iko upande mmoja, msaada uko upande wa pili, na katikati limesimama neno moja tulilofundishwa na wazee wetu, kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje. Neno hilo si la kipuuzi. Hebu tulipime vizuri kabla ya kulitii au kulitupa.

SIRI NA KIFICHO

Watu wa ndoa wana siri, na ni vyema wawe nazo. Yale mnayoambiana usiku, udhaifu aliokufunulia mwenzako kwa sababu anakuamini, maumivu yake ya utotoni, mambo ya unyumba wenu, hayo yote si ya kupeleka kisimani wala salonini. Anayeyatoa nje kwa kujifurahisha amevunja kitu ambacho ni vigumu kukiunga tena.

Lakini si kila kinachofichwa ni siri. Jiulize: kificho hiki kinamlinda nani? Siri ya kweli humlinda mtu. Kuna kificho kingine ambacho hakimlindi mtu yeyote, kinailinda pombe. Uongo wa malaria haukumlinda bwana yako. Ulimpa nafasi ya kunywa mwezi mwingine bila kuulizwa. Mtoto anayefundishwa kusema "Baba amelala" halindwi pia. Anajifunza kwamba katika nyumba hii tunaona jambo moja na kusema jingine.

Tena, ukweli ni kwamba jambo lenyewe si siri. Mwenye duka anayekukopesha unga anajua. Mwalimu wa mtoto anajua. Majirani wa upande wa pili wa ukuta wamesikia kila kitu. Wanaonyamaza ni ninyi wawili tu. Wazee wetu waliotuambia tusitoe mambo ya nyumba nje ndio hao hao waliosema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Misemo hiyo miwili haipingani. Ule wa kwanza unahusu heshima ya mtu, na huu wa pili unahusu uhai wake. Heshima na uhai vikishindana, uhai hutangulia.

MKUTANO WENYEWE NI KITU GANI?

Kabla ya kuhukumu, ni lazima kujua. Wengi wanadhani mkutano huo ni kama baraza la chifu, ambapo mlevi husimamishwa na kukemewa. Wengine wanadhani ni dhehebu jipya.

Chama kinachojulikana zaidi kinaitwa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, maana yake walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, huko Ohio, Marekani. Mfanyabiashara mmoja wa New York aliyeitwa Bill Wilson, ambaye alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwenda Akron kwa shughuli ambayo haikufaulu. Akajikuta hotelini peke yake, amevunjika moyo, na baa iko hapo hapo. Badala ya kuingia baa, alianza kupigia makanisa simu. Hakuwa akitafuta mtu wa kumhubiria. Alitaka mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa akiharibiwa na pombe. Wakazungumza kwa saa nyingi. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA.

Angalia jambo lililotokea hapo, kwa sababu ndilo linaloeleza mikutano yote iliyofuata. Bill hakwenda kwa daktari huyo kama mwenye afya anayemzuru mgonjwa. Alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kuanguka. Aliyesema na aliyesikia walihitajiana.

Hata leo mkutano uko hivyo. Watu hukaa pamoja kwa muda wa saa moja hivi, au saa moja na nusu. Wanajitaja kwa jina moja tu. Mmoja husimulia alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Wengine hufuata kwa zamu, na asiyetaka kusema husikiliza tu. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala kumpa hukumu. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi, na asiye na kitu hupitisha tu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, yaani kutaka kuacha kunywa. AA si kanisa na haifungamani na dini yoyote, ingawa mara nyingi hukutana katika kumbi za makanisa, na hatua zake kumi na mbili zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu.

Wakatoliki walikuwa karibu na kazi hii tangu mwanzo. Mwaka 1939 mtawa mmoja, Sista Ignatia, alishirikiana na Daktari Bob kuwapokea walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas huko Akron, wakati ambapo hospitali nyingi hazikutaka kuwalaza.

KWA NINI AWAAMBIE WAGENI NA SI MIMI?

Haya ndiyo maumivu ya ndani zaidi, na mara nyingi huwa hayasemwi. Mke anasema: "Mimi ndiye niliyemsafisha alipotapika. Mimi ndiye niliyemtafuta usiku mitaroni. Kwa miaka hii yote hakunieleza ukweli hata siku moja. Leo amewaeleza watu aliowajua kwa saa moja."

Dada yangu, uchungu wako una haki. Lakini fikiria hivi. Mtu mwenye deni kubwa huzungumzaje na mdai wake? Kila neno analipima. Akisema, "Nilipoteza pesa za karo," papo hapo anaanza kuomba radhi, au kujitetea, au kuahidi. Hawezi kusimulia jambo kama lilivyo, kwa sababu kila jambo ni sehemu ya hesabu iliyo kati yenu. Naye anajua kwamba akikueleza yote, atayaona machozi yako, na machozi hayo ndiyo anayokimbilia baa asiyaone.

Katika mkutano hana mdai. Mzee aliyekaa mbele yake naye aliuza ng'ombe wa mahari ya binti yake. Kijana aliye kando naye alimwibia mama yake. Hapo mtu anaweza kusema jambo kwa mara ya kwanza bila kulipamba, akalisikia mwenyewe likitoka kinywani mwake. Ukweli ni kama mguu uliokuwa umefungwa plasta. Hauanzi kwa kupanda mlima, huanza kwa hatua chache penye sakafu laini.

Wala hauishii huko. Katika zile hatua kumi na mbili, ya tano ni kukiri makosa mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yako, na mbele ya binadamu mwingine mmoja. Ya nane na ya tisa ni kuwaorodhesha wote uliowaumiza na kuwatengenezea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza zaidi. Jina lako, wewe mke, halikosi katika orodha hiyo. Zamu yako inakuja. Lakini ukidai yote usiku wa leo, huenda ukapata maneno ya mtu aliyeogopa badala ya maneno ya mtu aliyepona.

YAKE NI YAPI, NA YAKO NI YAPI?

Tumekubaliana kwamba ulevi wenyewe si siri ya kulindwa. Je, basi mtu aweza kusema lolote? Hapana. Hapa Kanisa linatusaidia kwa mafundisho ambayo hatuyatumii mara nyingi katika jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, namba 2477, inataja dhambi ya kufunua makosa ya mwenzako kwa watu wasioyajua, bila sababu ya haki. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wa fundisho zima. Kufunua makosa si dhambi kila mara. Ni dhambi panapokosekana sababu ya haki.

Tukilifuata fundisho hilo, tunapata njia ya kupima.

Kwanza, kila mmoja aseme yaliyo yake. Mume aseme kwamba alikunywa mshahara, alipiga kelele, alisahau Komunyo ya Kwanza ya mtoto. Hayo ni makosa yake na ana ruhusa ya kuyakiri. Lakini kama katika ugomvi mke alisema neno la aibu, au alishindwa na jambo fulani, hilo si lake yeye kulisimulia. Desturi ya mikutano inakwenda njia hiyo hiyo: mtu huzungumzia kunywa kwake, si tabia za mwenzake.

Pili, aangalie anayesikia. Mke anayesimulia ulevi wa mumewe sokoni anatafuta kuchekwa naye au kuhurumiwa. Mke anayesimulia mambo hayo hayo mbele ya wake wanne wenye mzigo kama wake, ambao wameahidi kunyamaza, anatafuta njia ya kuishi. Maneno yaweza kuwa yale yale, lakini tendo si lile lile.

Tatu, aseme kiasi kinachotosha. Hakuna anayehitaji kujua jina la kampuni, kiasi cha mshahara, wala mambo ya kitandani. Inatosha kusema, "Ninaogopa kila mwisho wa mwezi."

Kwa hiyo, bwana ambaye mke wako anakwenda kwa wenzake, kabla ya kusema amekuaibisha, uliza amesema nini, kwa nani, na kwa sababu gani. Kama amesema ya kwake, kwa wanaoweza kumsaidia, ili apate nguvu ya kukaa na wewe, hakukuvua nguo. Amekwenda kutafuta blanketi.

NA KAMA MANENO YATAVUJA?

Tusidanganyane. Kuna hatari. Siri ya kitubio imefungwa na sheria ya Kanisa, na padre hawezi kuitoa hata chini ya vitisho. Siri ya mkutano imefungwa na ahadi ya watu tu, na watu ni watu. Mwalimu mkuu, katekista au askari ana haki ya kujiuliza itakuwaje akikutana huko na mzazi wa mwanafunzi, au na mtu wa mtaani kwake.

Jibu la kwanza ni kwamba yule utakayemkuta huko amekuja kwa sababu ile ile. Anayo siri yako, nawe unayo yake. Jibu la pili ni la busara ya kawaida. Hakuna anayekulazimisha kuhudhuria karibu na nyumbani. Panda matatu uende mtaa mwingine au mji wa jirani. Mara za kwanza usiseme kitu, sikiliza na kuwapima watu. Jambo zito zaidi, kwa mfano kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, usilimwage mbele ya kundi. Lipeleke kwa padre katika kitubio, au kwa wakili.

Hapa kuna swali wengi wanalouliza: je, mkutano ni badala ya kitubio? Sivyo. Katika kitubio unapokea ondoleo la dhambi, na hakuna mkutano unaoweza kukupa hilo. Katika mkutano unapokea mtu atakayepokea simu yako saa nne za usiku unapopita mbele ya baa na miguu inakuvuta, na mara nyingi padre hawezi kuwa mtu huyo kwa kila Mkristo wake. Vyote viwili vyaweza kumfaa mtu mmoja.

Wengine watasema sala peke yake inatosha, na watamtaja Matt Talbot wa Dublin, mfanyakazi maskini aliyekuwa mlevi tangu utoto, akaacha mwaka 1884, na asinywe tena mpaka alipofariki mwaka 1925. Ni mfano mzuri. Lakini hata yeye hakupona peke yake. Alikwenda kwa padre kuweka ahadi, akashika Misa ya kila siku, akawa na watu wa kumwongoza. Mungu hutumia watu. Anayesali apate msaada, kisha akaukataa msaada kwa sababu umekuja na miguu ya binadamu, anamwekea Mungu masharti.

JINSI YA KUUPATA MKUTANO

Sasa tuje kwenye mambo ya mikono na miguu.

Jambo la kwanza ni la hospitali. Mtu ambaye amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe, ukiikosa, waweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na hata kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo yaweza kuua. Apelekwe kwanza kwa daktari, aeleze ukweli kuhusu kiasi anachokunywa, apewe dawa. Mkutano hauchukui mahali pa daktari.

Jambo la pili ni kuuliza. Hapa Kenya shirika la serikali linaloshughulikia pombe na dawa za kulevya ni NACADA, na simu yake ya bure ni 1192. Vikundi vya AA viko Nairobi na katika miji mingine. Waulize wauguzi wa hospitali iliyo karibu, washauri nasaha, au padre wa parokia. Huna haja ya kumwambia padre kwamba ni wewe. Sema tu, "Natafuta mkutano kwa ajili ya mtu." Tangu wakati wa korona mwaka 2020 mikutano mingi hufanyika pia kwa intaneti, na aliye mbali na mji anaweza kuhudhuria kwa simu yake, mradi ana data na chumba chenye faragha. Uliza pia lugha inayotumika, maana mingine ni ya Kiingereza.

Jambo la tatu ni kujua kwamba kuna mikutano ya aina mbili. Ule uliofungwa ni wa wale tu wanaotaka kuacha pombe. Ule wa wazi waweza kuhudhuriwa na yeyote, hata mke au mume. Kama una wasiwasi kuhusu mahali anapokwenda mwenzako, mwombe akupeleke kwenye mkutano wa wazi. Usimfuate kwa siri, wala usimtume mtoto.

Jambo la nne ni kwamba mke naye ana mahali pake. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule Bill, akiwa na mwenzake, alianzisha vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya watu wa familia za walevi. Waligundua kwamba aliyekaa na mlevi kwa miaka naye ameumia: amezoea kuchunguza mifuko, kuhesabu chupa, kulala macho. Huko hawafundishi jinsi ya kumwachisha mtu pombe. Wanafundishana kwamba mtu hakuusababisha ulevi wa mwenzake, wala hawezi kuutawala, wala hawezi kuuponya. Kisha wanasaidiana kuishi vizuri katika ukweli huo. Kama hakuna kikundi karibu, Al-Anon ina mikutano kwa simu na intaneti. Wanawake wawili au watatu wa Jumuiya Ndogo ya Kikristo wenye mzigo mmoja nao waweza kukutana, wakishika sheria ile ile: ninasema yangu, ninanyamazia yako.

Jambo la tano ni kutokata tamaa baada ya siku ya kwanza. Kikundi kimoja chaweza kukukera, watu wake wakawa si wa rika lako au wanazungumza mno. Jaribu kingine. Wazoefu hushauri mgeni ahudhurie mara nyingi katika miezi ya mwanzo, ikiwezekana kila siku, na apate mtu aliyemtangulia wa kumshika mkono, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke.

Je, kweli inasaidia? Mwaka 2020 watafiti wa shirika la Cochrane walichunguza kwa pamoja tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba programu zilizopangwa vizuri za kuwaingiza watu katika AA ziliwasaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Hii haina maana kwamba kila mtu atapona. Wengine huanguka na kurudi. Wengine hufaidika zaidi na njia nyingine, kama ushauri nasaha au dawa za hospitali. Lakini mkutano si jambo la kubahatisha.

MLEVI AKIWA NI MAMA

Tumesema sana juu ya mume mlevi, lakini kuna wake wanaokunywa, na kificho chao ni kikubwa zaidi. Mwanamume mlevi huchekwa, lakini mwanamke mlevi hutukanwa. Kwa hiyo hunywa chumbani, na chupa huiweka ndani ya gunia la mahindi. Kama wewe ni mume wake, una nafasi ambayo hakuna mwingine anayo. Usimrudishe kwa wazazi wake kama mzigo ulioharibika. Kaa na watoto jioni ya mkutano wake, pika uji, na ndugu zako wakiuliza alikokwenda, waambie, "Nimemruhusu na ninajua alipo." Maneno hayo machache yatamfunika kuliko uongo wote.

PASIPOTOSHA MKUTANO

Kuna nyumba ambazo swali si siri tena. Kama kuna kipigo, kama mtoto anaguswa vibaya, kama maisha yako hatarini, usingoje mumeo aanze mikutano, wala usijione msaliti ukienda polisi au hospitali. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama yaweza kutoa amri ya kukulinda. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni 1153, inamruhusu mwana ndoa kuondoka pale mwenzake anapomtia yeye au watoto katika hatari kubwa. Ahadi uliyoiweka mbele ya altare ilikuwa ya kumpenda mtu huyo. Kunyamaza ili aendelee kukuumiza si sehemu ya ahadi hiyo, na wala si kumpenda.

Mwisho, neno kwa anayekunywa na bado anasoma ukurasa huu. Huenda unasema, "Mimi ni mgonjwa, nisilaumiwe," au unasema, "Mimi ni mwenye dhambi, sistahili kusaidiwa." Yote mawili yaweza kuwa kisingizio cha kubaki ulipo. Kiu hiyo pengine hukuichagua, na kwa mapenzi yako tu huwezi kuizima leo. Lakini kupiga simu unaweza, na kupanda matatu unaweza. Hilo ndilo utakaloulizwa. Na mke wako, ambaye amelinda jina lako kwa uongo kwa miaka mingi, mpe ruhusa ya kupumzika. Mwambie, "Kuanzia sasa usiseme nina malaria. Wakiuliza, nitajibu mwenyewe."

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu tunaficha nini, na kificho hicho kinamlinda nani?

2. Watoto wetu tumewafundisha kusema uongo gani kwa ajili yetu? Ni nani kati yetu atakayewaambia kwamba hawahitaji kuusema tena?

3. Mmoja wetu akienda mkutanoni, ni mambo gani tunakubaliana kwamba ni yake kuyasema, na yapi ni yetu sote wawili, yasisemwe bila ruhusa ya mwenzake?

4. Ni jioni gani ya juma hili ambayo mmoja wetu atabaki na watoto, ili mwingine aende?